Jumuiya ya Wakaazi na Nyumba za Kale: Mwongozo Kamili kwa Mji Mkongwe na Miji ya Pemba

Nyumba ya mawe haianguki kwa uzee. Huangushwa na maji yaliyoachwa yanywee juu ya ukuta masika baada ya masika, au na zege lililomiminwa juu ya kuta zisizoweza kulibeba. Mambo hayo mawili huanza kidogo, na wa kwanza kuyaona ni jirani anayepita hapo kila siku. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ina sheria na ina wakaguzi, lakini eneo la urithi ni hekta 96 za vichochoro, na mkaguzi haoni dari ya kila nyumba. Jumuiya ya wakaazi ikiwa na kazi moja tu, basi ni hii: kufika kabla ya maji na kabla ya zege. Sherehe, fulana na mabango vitafuata, na visipofuata hakuna nyumba itakayoanguka kwa hilo.

Yanayofuata yamepangwa kwa utaratibu ambao kundi la watu kumi au ishirini linaweza kuufuata, kuanzia kikao cha kwanza hadi kupinga ghorofa isiyo na kibali.

Jueni kwanza nyumba ni ya nani

Makundi mengi huanza na katiba. Anzeni na umiliki, kwa sababu ndio unaoamua nani mtamwandikia barua na nani ataweza kupandisha fundi juu ya paa. Katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe mtakuta aina nne za nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta.

Nyumba za wakfu ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mpangaji hulipa kodi, na kodi ikiwa ndogo kuliko gharama ya bati moja, matengenezo hukwama. Nyumba za Serikali, nyingi zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, mara nyingi zina familia tatu au nne, kila moja na chumba chake. Hapa ndipo paa linapokosa mwenyewe: wa juu anasema maji hayamfikii, wa chini anasema paa si lake. Nyumba za mirathi zina warithi walioko Unguja, Dar es Salaam, Muscat na Uingereza. Na zipo za mtu binafsi au kampuni, zilizogeuzwa nyumba ya wageni au duka.

Kwa nyumba ya mirathi, msihangaike kumtafuta kila mrithi kwa kila jambo. Waombeni wamteue mmoja wao kwa maandishi awe msemaji wa matengenezo, sahihi zote ziwe kwenye karatasi moja, na nakala ibaki kwa Sheha, kiongozi wa Serikali wa shehia (eneo dogo la utawala). Bila karatasi hiyo, fundi ataanza kazi Jumatatu, na Jumatano atatokea binamu kumsimamisha.

Kwa nyumba ya wapangaji wengi, saidieni kuundwa kwa kamati ya nyumba: mtu mmoja kutoka kila familia, mchango mdogo wa kila mwezi, na daftari linaloonwa na wote. Fedha hizo ni za jambo moja tu, paa na milizamu yake, yaani mifereji ya kupokea maji ya paa. Zikianza kununua rangi ya mlango au taa ya ngazi, zitakwisha kabla ya mvua, na ugomvi utaanza.

Usajili, kwa ufupi

Usajili hufanywa katika Ofisi ya Mrajis (msajili wa jumuiya), na huko ndiko mtakakopata fomu na ada zinazotumika kwa sasa. Nendeni mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, na majina ya viongozi. Pitieni kwa Sheha mapema. Barua yake itahitajika, na jumuiya isiyojulikana na Sheha haitafunguliwa mlango.

Katika katiba yenu msikose vifungu vitatu. Cha kwanza: mwanachama mwenye mradi wa ujenzi, au fundi anayelipwa na mradi huo, hatoi maoni wala kura juu ya nyumba hiyo. Cha pili: benki iwe na watia sahihi watatu, na fedha zitolewe kwa sahihi mbili. Cha tatu: kumbukumbu za nyumba ni mali ya jumuiya, hazihami na katibu anapoondoka. Kifungu hiki cha mwisho husahauliwa sana, na kazi ya miaka mitano huishia ndani ya simu ya mtu aliyehama.

Daftari la nyumba

Mwaka 1994 Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ilikamilisha mpango wa hifadhi wa Mji Mkongwe, uliopanga majengo kwa madaraja na kueleza kinachoruhusiwa kwa kila daraja. Mpango ule ni msingi mzuri, lakini hauwaambii kama mlizamu wa nyumba ya jirani ulivunjika mwezi uliopita. Daftari lenu ndilo litakalosema hivyo.

Chukueni eneo dogo, nyumba 30 hadi 40 za shehia moja. Kundi lililotaka kuandika mji mzima kwa mpigo mmoja huishia na fomu nusu nusu. Wagawanyeni watu watatu watatu: mmoja anazungumza, mmoja anaandika, mmoja anapiga picha. Kila kundi liwe na mwanamke asiyepungua mmoja. Hii si hisani. Nyumba za kale zimejengwa kwa kuficha mambo ya ndani, na mwanamume mgeni hatapandishwa ghorofani ambako ndiko kwenye dari inayovuja. Piteni baada ya alasiri, msipite Ijumaa mchana, na mwezi wa Ramadhani acheni kabisa saa za kupika futari. Pigeni hodi, mwamkieni bibi mwenye nyumba, elezeni mmetumwa na nani, na mkiambiwa mrudi kesho, rudini kesho.

Swali la kwanza lisiwe umiliki. Hilo humfanya mtu afikiri mmekuja kumtoa. Ulizeni: "Bibi, mvua ikinyesha maji yanaingia wapi?" Atawaonesha mwenyewe, chumba kwa chumba, na mwisho wa ziara mtajua pia nyumba ni ya nani, bila ya kuuliza.

Kila nyumba ipewe namba, kwa mfano KP-017 kwa nyumba ya 17 ya Kiponda. Andikeni: idadi ya ghorofa, idadi ya familia, aina ya umiliki, matumizi ya chini na ya juu, hali ya paa, hali ya milizamu, nyufa, boriti zilizooza, miti iliyoota ukutani, matangi ya maji yaliyowekwa juu, na mabadiliko yaliyofanywa kwa saruji. Upande wa mwisho wa fomu uwe wa vitu vya thamani: mlango wa nakshi, roshani, ngazi, vidaka, baraza, maandishi yaliyochongwa.

Kwa mlango wa nakshi pimeni urefu na upana, kisha pigeni picha nne: mzima, kizingiti cha juu, mwimo mmoja kwa karibu, na mfaa, ule ubao wa katikati ya mbao mbili. Nakshi ya fundi mmoja haifanani kabisa na ya mwingine, na picha ya karibu ndiyo itakayouthibitisha mlango ukija kuonekana umeegemezwa ghalani ukisubiri mnunuzi. Picha za nje zipigwe kila mwaka mahali palepale. Wekeni alama mliposimama ili picha ya mwaka ujao ilingane.

Mkimaliza, zipeni nyumba rangi tatu. Nyekundu: watu wamo hatarini. Njano: itaharibika ndani ya misimu miwili ya mvua isipotengenezwa. Kijani: iangaliwe tena mwakani. Orodha ya nyekundu ipelekwe Mamlaka na kwa Sheha wiki hiyohiyo, isisubiri ripoti nzuri yenye jalada.

Paa kabla ya masika

Ukuta wa Mji Mkongwe una unene wa nusu mita au zaidi, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, kiasi cha mita tatu. Vichwa vya boriti vimezikwa ndani ya ukuta. Ukuta ukilowa, vichwa huoza kwanza, huku katikati ya boriti inang'aa kama jana. Ndiyo maana sakafu iliyoonekana nzima hushuka usiku mmoja.

Kwa hiyo kazi ya kila mwaka ya jumuiya ni msafara wa mapaa, ufanyike Januari na Februari. Masika huanza Machi, na baada ya hapo fundi wa bati hapatikani. Kila paa likaguliwe mambo haya: bati lililong'oka au lenye tundu la msumari, mlizamu ulioziba kwa majani na mifuko, bomba la kuteremshia maji lililokatika katikati na kumwaga ukutani, tangi linalofurika, na bomba la kiyoyozi linalodondosha juu ya ukuta mchana kutwa. Tone la kiyoyozi ni dogo, lakini halina kiangazi.

Mti ulioota ukutani usivutwe kwa mkono. Mizizi ya mtini hushikana na mawe, na ukiung'oa unaondoka na kipande cha ukuta. Kateni karibu na jiwe, toboeni kisiki, kiueni kwa dawa ya magugu iliyopakwa ndani ya tundu tu, kisha subirini kikauke kabla ya kuziba kwa chokaa.

Jumuiya ikiwa na fedha za paa moja tu kwa mwaka, chagueni nyumba ya njano. Nyekundu inahitaji mhandisi na fedha kubwa kuliko zenu. Njano mnaweza kuiokoa kwa mabati machache na mlizamu mpya. Uamuzi huu ni mgumu kuueleza kikaoni, lakini ndio unaohifadhi nyumba nyingi zaidi.

Ufa na mwega

Si kila ufa ni hatari. Ufa wa nywele kwenye plasta ni wa plasta. Ufa unaopita jiwe, unaopanuka kuelekea juu, au unaoanzia kona ya dirisha hadi dari ni wa kufuatiliwa. Pigeni plasta nyembamba ya jipsamu juu ya ufa, upana wa vidole vinne, andikeni tarehe juu yake. Ikipasuka ndani ya wiki chache, ukuta bado unatembea. Njia nyingine ni misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa. Pimeni nafasi baina yao kila mwezi kwa milimita na muandike. Ukuta uliovimba upimwe kwa timazi kutoka juu hadi chini, na umbali uandikwe kila baada ya nusu mita.

Kichwa cha boriti kipimwe kwa bisibisi karibu na ukuta. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila ya kutumia nguvu, boriti imeoza. Ondoeni watu na vitu vizito kwenye chumba cha juu siku hiyohiyo.

Mwega wa dharura, yaani nguzo ya kuegemeza, una kanuni moja ambayo huvunjwa kila mara. Nguzo ikiegemeza dari ya ghorofa ya pili, lazima pawe na nguzo nyingine chini yake ghorofa ya kwanza, na nyingine hadi ardhini, zote kwenye mstari mmoja. Ukiweka nguzo juu tu, umehamisha mzigo kutoka boriti zilizooza kwenda kwenye boriti za chini ambazo nazo huzijui. Juu na chini ya kila nguzo wekeni ubao mpana, na kazeni kwa kabari za mbao polepole. Lengo ni kuzuia, si kuinua. Dari ikiinuliwa kwa jeki, ukuta hupasuka mahali papya.

Nyumba ikishaingia mafundi, msiache kuiangalia. Beit al-Ajaib, jengo la Mji Mkongwe la mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Disemba 2020 wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na watu wawili wakafa. Kipindi cha matengenezo ndicho ambacho ukuta hufunguliwa, mizigo hubadilishwa njia, na jengo huwa dhaifu kuliko lilivyokuwa kabla.

Chokaa, na kwa nini saruji inaua

Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa kwa hewa. Saruji huziba njia hiyo. Maji yakizuiwa kwenda nje hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, yanabeba chumvi, na baada ya miaka michache plasta ya saruji huanguka kipande kizima ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Mwenye nyumba huona ukuta "umekataa," akaongeza saruji.

Jumuiya inaweza kuweka shimo moja la chokaa kwa mtaa mzima, na hii ndiyo huduma itakayowafanya mpendwe. Tumieni pipa au shimo lililojengwa. Maji yatangulie, chokaa mbichi iongezwe kidogo kidogo huku mkikoroga. Mkimwaga maji juu ya rundo la chokaa, inaruka na kuchoma. Miwani, glavu za mpira na ndoo ya maji safi viwe karibu, na watoto wakae mbali, kwani chokaa mbichi ikiingia jichoni inapofua. Chujeni rojo kwa wavu wa milimita tatu, liachwe chini ya maji yenye kina cha vidole vitatu au zaidi, lifunikwe. Kwa plasta, miezi mitatu ni kiasi cha chini. Chembe ambazo hazikuzimika vizuri hulipuka baadaye ukutani na kuacha vishimo.

Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu. Mchanga uwe wa kuchimba, mkali, uliooshwa. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi haitoki kwa kupakwa rangi. Hesabu ya kupiga plasta mita za mraba 10 kwa unene wa sentimita moja na nusu ni lita 150 za mchanganyiko. Ongezeni lita 50 za mashimo na za kudondoka. Kwa kuwa chokaa huingia kwenye nafasi baina ya chembe za mchanga, lita 200 zinataka ndoo 10 za mchanga za lita 20, na ndoo tatu na theluthi za rojo.

Ng'oeni kwanza saruji ya zamani kwa patasi, lowesheni ukuta tangu jana yake, na pigeni tabaka lisilozidi sentimita moja na nusu. Liacheni wiki moja kabla ya lingine. Funikeni kwa magunia yenye unyevu siku nne au tano, hasa ukuta wa jua la alasiri, kwa sababu chokaa hugandishwa na hewa polepole, na ikikauka mapema hubaki unga. Rangi ya mwisho ni chokaa nyepesi kama maziwa, mipako minne au mitano. Rangi ya mafuta au ya plastiki ikipakwa juu ya hiyo, kazi yote imerudi mwanzo.

Boriti za kubadilisha msizinunue gizani. Ukataji wa mikoko unadhibitiwa. Ulizeni kibali cha misitu na mhifadhi risiti.

Kusoma vibali

Ndani ya Mji Mkongwe kazi ya ujenzi inahitaji kibali cha Mamlaka. Teueni watu wawili wanaojua kusoma michoro, hata kama ni wanafunzi wa ufundi, wapite ofisini kila wiki kuuliza maombi mapya ya shehia yenu. Jiwekeeni siku saba za kutoa maoni. Angalieni urefu ukilinganisha na nyumba za pembeni. Kama uwani umejengwa. Kama madirisha yamepanuliwa. Kama baraza imeondolewa kwa ajili ya mlango wa duka. Kama kuna nguzo za zege zinazopenya ukuta wa pamoja na jirani. Na kama nyumba ya kuishi inageuzwa hoteli. La mwisho huleta matangi, mabomba na vyoo kila ghorofa, uzito na unyevu ambao nyumba haikupangiwa.

Hila ya kawaida ni kuomba "matengenezo madogo" kisha kupandisha ghorofa siku za sikukuu ofisi zikiwa zimefungwa. Wekeni zamu ya Idi. Mkiona, andikeni siku hiyohiyo, kwa maneno makavu:

"YAH: NYUMBA SH-009, SHANGANI. Leo saa 3 asubuhi tumeona mafundi wakisimamisha nguzo nne za zege juu ya ukuta wa ghorofa ya pili. Picha tatu zimeambatanishwa. Tunaomba Mamlaka ikague kabla slabu haijamiminwa, na itujulishe namba ya kibali ikiwa kipo."

Hakuna tuhuma, hakuna jina la mtu, hakuna "tumesikitishwa." Nakala iende kwa Sheha na Baraza la Manispaa, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyogongwa muhuri haikufika.

Slabu ikishamiminwa, kubomoa ni kazi ya mahakama. Suala la jengo la hoteli la Mambo Msiige, Shangani, lilifika hadi kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia, na jengo bado lipo. Hata hivyo njia hiyo msiiache. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mwongozo wa utekelezaji wa mkataba wa urithi huo, aya ya 172, unaitaka nchi itoe taarifa ya ujenzi mkubwa kabla ya uamuzi. Kwa aya ya 174, taarifa zinazofika UNESCO kutoka kwa watu wengine hupelekwa kwa Serikali husika ili izijibu. Itumieni njia hii kwa mradi mkubwa pekee, mkiwa na michoro na tarehe, baada ya kuandika hapa nyumbani na kukosa jibu.

Pemba

Sheria ya Mji Mkongwe haivuki bahari, kwa hiyo jumuiya ya Chake Chake au Wete inafanya kazi kwa njia nyingine. Mshirika wenu ni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, ambayo ina makumbusho ndani ya ngome ya Chake Chake na inasimamia magofu kama Ras Mkumbuu na Mkama Ndume huko Pujini. Kwa nyumba za mjini zenye baraza na varanda za mbao, ambazo hazimo katika orodha yoyote ya ulinzi, daftari lenu huenda likawa ndiyo karatasi pekee inayoonesha kwamba zilikuwepo. Lipelekeni nakala kwa Baraza la Mji kabla mipango ya barabara haijachorwa, kwa sababu upanuzi wa barabara ndio unaoanza na varanda.

Kwenye magofu kazi ni tofauti: mawe hubebwa kwenda kujengea, mashamba husogea hadi ukutani, na mizizi hupasua kuta. Piteni na Sheha na wenye mashamba, mkubaliane mpaka wa mita kadhaa usiolimwa, mpande mimea ya mpaka inayoonekana, na mchoro wa makubaliano usainiwe na wote. Majani yafyekwe mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, kwa panga na si kwa moto: jiwe la matumbawe likichomwa hugeuka chokaa.

Vipande vya vyungu na shanga vinavyoonekana baada ya mvua viachwe hapohapo. Pigeni picha, andikeni mahali, mwiteni afisa wa Idara. Kikiondolewa kwenye udongo wake bila kumbukumbu, hakuna atakayeweza tena kusema kilikuwa cha karne gani.